Mize Alifukia

Bweni, Mafia
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mpendwa mwanangu Victoria,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Mwanza, wewe na mumeo Rabson na mjukuu wangu Happy. Kifua cha Happy kinaendeleaje na vumbi la kiangazi? Mpe asali na ndimu asubuhi kabla hajala kitu. Baba yako, ndugu yangu, tulimponya hivyo hivyo utotoni, na akaishi miaka sabini na tano.

Mimi nipo. Miguu imevimba na pumzi imekuwa fupi, nikitoka kitandani hadi mlangoni nakaa kwanza. Mwezi uliopita nilipelekwa Kilindoni, daktari akanisikiliza moyo muda mrefu, akaandika sana, kisha akaniuliza nina ndugu wangapi na wako wapi. Nilifundisha miaka ishirini, Victoria. Swali la namna hiyo nalielewa.

Utashangaa kwa nini nimeandika na simu ipo. Simu yangu hushikwa na Mwanahalima, jirani anayenitunza. Huiweka kwenye spika kwa sababu masikio yangu yamechoka, kwa hiyo kila ninalokuambia naye hulisikia. Haya ninayotaka kukuambia yanamhusu yeye, na mara tatu nimejaribu kumwambia kwa mdomo nikashindwa. Kalamu haijawahi kunisaliti. Mkono umezeeka, lakini nadhani mwandiko unasomeka.

Ulinipigia Pasaka ukasema umechoka na kazi ya ofisini, unataka kuacha uanze kutengeneza sabuni nyumbani, biashara yako ndogo, usipangiwe na mtu saa ya kuamka wala saa ya kula. Ukasema Happy anapouliza mwanamke anaweza kuishi kwa mikono yake mwenyewe, wewe humsimulia habari za bibi yake wa Mafia. Ukaniomba nikuandikie siri ya kujitegemea.

Nitakuandikia. Lakini utavumilia, kwa maana siri yenyewe haiko pale unapoitafuta.

Nilikuja kisiwani hapa mwaka sabini na moja, mwalimu kijana kutoka Bukoba ambaye hajawahi kuonja pweza. Mwaka tisini na moja nikaletewa barua ya uhamisho kwenda Lindi. Nilikwisha kupanda minazi yangu kumi na mbili na nyumba yangu ilikuwa na paa. Nikakataa, nikaacha kazi. Walimu wenzangu wa Kirongwe walicheka. Mmoja alinisimamisha barabarani mbele ya watu: "Mwalimu Specioza, sasa utafundisha kaa?" Baba yako Gerson, Mungu amrehemu, aliniandikia kwamba mwanamke asiye na mume wala mshahara arudi kwao. Barua yake niliiweka chini ya godoro, nikaapa kwamba hakuna atakayeniona nimeshindwa.

Aliyenionyesha njia ni jirani yangu Mize, mama yake Mwanahalima. Mize alikuwa msokota kamba za usumba. Wewe umekulia kwenye migomba, kwa hiyo nikueleze. Ukifua nazi, lile ganda la nje lenye nyuzi ndilo kumbi. Wanawake wa huku huyakusanya makumbi, wakayafukia pwani katika tope la mchanga, pale maji yanapojaa na kupwa. Hukaa humo miezi sita au zaidi hadi yaoze. Kisha huyafukua, wakayaponda kwa gongo, wakayasuuza baharini, na zile nyuzi zinazobaki, usumba, husokotwa kwa viganja kuwa kamba. Kamba hiyo huezekea makuti na kuwamba vitanda, na maji ya chumvi hayaiogopeshi.

Siku ya kwanza alivigeuza viganja vyangu akacheka hadi akakaa chini. "Mikono ya chaki hii! Mwalimu, usumba utakula ngozi yote ibaki mifupa." Na kweli ilichubuka. Nilipokuja wa mwisho, nimechelewa maji, alinipigia kelele mbele ya wenzake: "Huku hakuna kengele, Mwalimu! Bahari haimsubiri mtu kuita majina!" Nilimpenda tangu siku hiyo. Hakuna mtu mwingine kisiwani aliyenitania.

Jambo moja alilonifundisha ni jinsi ya kulikumbuka shimo. Shimo la mtu pwani halina ukuta wala jina, lina mawe machache tu juu yake, na mkono wa mwingine hauligusi. Hata msichana mwenye njaa hawezi kufukua makumbi ya mwenzake; ni kama kuingia nyumbani kwa mtu wakati amelala. Lakini kusi likivuma mchanga hutembea na mawe huondoka. Kwa hiyo wao husimama juu ya shimo, wakatazama nchi kavu: mnara wa taa wa Ras Mkumbi uwe nyuma ya mnazi fulani, na pembe ya nyumba fulani iguse mwamba fulani. Alama mbili zikikutana, hapo ndipo.

Mimi nilikuwa na daftari. Nilipima hatua kutoka jiwe kubwa jeusi, nikaandika: hatua arobaini na mbili kuelekea maji. Mize alisoma uso wangu, maana daftari hakuweza kulisoma, akasema, "Mwalimu, pwani haipimwi kwa miguu. Miguu yako ya leo si ya kesho." Nikamjibu kwamba hesabu haidanganyi.

Mwaka tisini na nne, kusi lilikuwa kali. Mize alikwenda Kirongwe kumtunza Mwanahalima aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza, akakaa huko siku arobaini zote za uzazi. Nyuma yake akaja fundi wa kuezeka, mzee Mfaume, akiwa na kazi kubwa. Alitaka kamba nyingi kuliko nilizowahi kusokota, akasema akizipata kwangu atakuwa anakuja kwangu daima. Hiyo ndiyo ingekuwa biashara yangu, Victoria. Mteja mmoja mwaminifu, kazi ya mikono miwili, maisha bila bwana.

Nilishuka pwani maji yalipokupwa. Mawe yote yalikuwa yameondoka. Nikahesabu hatua arobaini na mbili, nikachimba, nikayakuta makumbi yameiva vizuri. Safu ya kwanza, ya pili. Katika safu ya tatu nikaona kipande cha kanga nyekundu.

Mize alikuwa akifunga makumbi yake kumi kumi kwa vipande vya kanga kuukuu. Mimi nilikuwa nikiyamwaga tu. Nilisimama na kile kitambaa mkononi, maji yakianza kurudi, na nakuapia kwamba nilijua. Hadi hapo lilikuwa kosa la mtu mwenye daftari. Kosa halina dhambi. Dhambi ilianza nilipoinama tena nikaendelea kufukua.

Nilijiambia makumbi ni makumbi, akirudi nitampa langu. Nilitafuta langu siku nne, sikulipata. Kamba za Mfaume zikasokotwa, zikaondoka. Vile vipande vyekundu nikavichoma jikoni.

Mize akarudi. Kesho yake, maji yalipokupwa, nikamwona anapita na jembe lake na tenga, anaimba. Baadaye akapanda kuja kwangu, tope hadi magotini.

"Mwalimu, nimesimama penye alama zangu. Nimechimba. Hakuna kitu."

Nilikuwa nimekaa hapa nilipokaa sasa. Ningeweza kusema, "Dada Mize, nilikosea, nisamehe." Angenitukana hadi jioni, angelisimulia pwani nzima, wangecheka mwaka mzima, na kesho angenionyesha upya mnara na mnazi. Lakini niliusikia ule mcheko kabla haujatoka. Nikamwona mwalimu wa Kirongwe barabarani. Nikaona barua ya baba yako chini ya godoro. Nikasema:

"Dada Mize, mwaka huu hukufukia. Ulisafiri kabla hujafukia."

Akanitazama. "Nilifukia, Mwalimu."

"Ulisema utafukia. Kisha ukaitwa Kirongwe."

Aligeuka akaitazama pwani, akalitazama jembe lake. Ungemwona Mize, mwanangu, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa neno. Kisha akasema taratibu, "Basi nimesahau." Akachukua jembe lake akaenda.

Aliniamini. Hilo ndilo ambalo sikulitarajia. Nilidhani atabisha, atanishuku, tutagombana, tutapatana. Lakini mimi nilikuwa mwalimu. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa Bweni kusoma, akiwemo Mwanahalima wake. Wanawake walipouliza, wakaambiwa Mwalimu amesema hakufukia, mjadala ukaisha. Kati ya neno langu na kumbukumbu yake, Mize mwenyewe alichagua neno langu.

Kuanzia hapo akaanza kujitilia shaka. Alitoka msibani katikati ya watu akarudi nyumbani kutazama kama amezima moto. Aliswali adhuhuri mara mbili. Alikuja kwangu, kwangu mimi, akiuliza, "Mwalimu, jana nilikurudishia kinu chako?" Akaanza kufunga mafundo kwenye ncha ya kanga yake ili akumbuke: hili la chumvi, hili la mlango, hili la swala. Mwisho ilikuwa mafundo matupu, na akawa hakumbuki fundo lipi ni la nini. Watu wakasema Mize ameingiwa na wazimu. Kamba akaacha kusokota. Mfaume akawa wangu peke yangu.

Miezi miwili baada ya siku ile kusi likatulia, mchanga ukarudi. Nilisimama pwani nikatazama kama alivyonifundisha, mnara nyuma ya mnazi, nikalijua shimo lake lilipokuwa, nikachimba kandokando yake, nikalikuta langu hatua kumi na mbili kutoka pale. Makumbi yangu yote yalikuwemo. Ningeyabeba hadi mlangoni kwake. Niliyafukia tena, na sikuwahi kuyagusa.

Sasa nikuambie lililo zito zaidi. Mwezi wa mfungo ukikaribia, wenzetu Waislamu hupitiana nyumba kwa nyumba kuombana radhi, ili waufunge wakiwa na moyo safi. Mwaka ule Mize alikuja, akavua ndala mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema, "Mwalimu, nisamehe. Siku ile nilipokosa shimo, shetani alinitia neno moyoni kwamba labda ni wewe. Nilikudhania vibaya na wewe ni mwalimu wa mwanangu."

Nikamjibu, "Nimekusamehe."

Alikuja mwaka uliofuata pia, maana hakukumbuka kama alikwisha kuomba. Miaka sita mfululizo Mize aliniomba radhi kwa kuifikiria kweli, na miaka sita nilimsamehe.

Alifariki mwaka elfu mbili, kwa homa ya siku chache. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba alichokiwamba mwenyewe. Akafungua macho akaniita nisogee. Hakuuliza kingine: "Mwalimu, nilifukia au sikufukia?"

Mwanahalima alikuwa amekaa miguuni pake. Nikasema, "Pumzika, Dada."

Tangu hapo swali hilo halijaniacha. Mimi si mtu wa mapepo, na kanisa langu halinifundishi hivyo. Lakini maji yakipwa sana asubuhi, mimi nikiwa mlangoni, namwona mwanamke ameinama pale pale, anainua jiwe moja anatazama chini yake, analiweka, anainua jingine. Najua ni watu wanaotafuta pweza. Najua. Lakini nikiwaita majina kutoka huku, yule mmoja hageuki. Na ile harufu ya makumbi yaliyofukuliwa, harufu kama ya yai bovu, hunijia nikinywa chai, nikisali rozari, mwaka ambao hakuna aliyefukua. Mwanahalima husema hakuna kinachonuka.

Niliungama kwa padre aliyepita huku zamani. Akaniambia: umefanya vema kuja, sasa nenda kwa mwenyewe. Mwenyewe alikuwa kaburini, nikaufanya huo kuwa udhuru. Mtoto wake alikuwa hai, na alipoachwa na mumewe alihamia nyumba ya mama yake, ukuta kwa ukuta na mimi. Yeye ndiye anayenipikia uji. Yeye ndiye anayenisugua miguu kwa mafuta ya nazi. Anasema mama yake aliniheshimu kuliko watu wote, basi nami ni mama yake.

Ningekufa nalo, Victoria, nisikufiche. Nilikwisha kuzoea. Lakini wiki iliyopita aliponiinamia kunipa dawa niliona fundo kwenye ncha ya kanga yake.

Nikamuuliza, "Fundo la nini hilo?"

Akacheka kidogo. "La dawa yako, Mwalimu. Juzi nilisahau ufunguo mlangoni. Naona yale ya mama yamenianza." Kisha, bila kucheka: "Binti yangu nimemwambia asinitegemee sana. Kwetu ni ugonjwa wa ukoo."

Ana miaka hamsini na tatu na akili kali kuliko yangu. Alisahau ufunguo, kama unavyosahau wewe. Lakini ameshafunga fundo la kwanza, na namjua aliyemfungia.

Hapakuwa na ugonjwa wowote. Mize alikuwa na kichwa kizima. Alisimama penye alama zake, mnara nyuma ya mnazi, pembe ya nyumba kwenye mwamba, na hakukosea hata hatua moja. Mize alifukia.

Basi hii ndiyo siri yangu ya kujitegemea. Watu walinisifu kwamba sikumwegemea mtu, na kumbe miaka yote nilikuwa nimeegemea akili za mwanamke mmoja hadi zikavunjika. Tengeneza sabuni yako, mwanangu. Ni kazi nzuri, na kuamka bila kupangiwa saa ni neema; hilo sitalikana. Fanya kidogo kinachotoshea mikono yako. Lakini siku utakayokosea, na utakosea, nenda ukachekwe siku hiyohiyo. Mcheko hupita. Mimi niliukwepa mcheko wa mwaka mmoja, nikapata huu ukimya wa miaka thelathini na moja.

Nina ombi moja. Nikifa, wewe ndiwe utakayesoma wasifu wangu, maana kwa upande wa baba yako hakuna mwingine mwenye sauti. Najua utakavyotaka kuandika: alizaliwa, alisoma, alifundisha, alijitegemea. Neno hilo la mwisho usiliandike. Mahali pake simama mbele ya watu wa Bweni, wote, Wakristo na Waislamu, usome kwamba mwaka tisini na nne mimi Specioza nilifukua shimo la Mize, nikamwambia hakufukia, na nilidanganya. Waliobaki miongoni mwa wale wanawake wa pwani walisikie kwa masikio yao. Usilipambe wala usinitetee.

Nyumba hii na minazi ni vya Mwanahalima. Niliwahi kukuahidi wewe, nami naomba radhi. Kama utachukia, chukia mbele ya kaburi langu, yeye usimguse.

Nisalimie Rabson, na mama yako, na shangazi zako wote wa Muleba. Mwambie Happy bibi yake anamwombea akue mkweli kwanza, hodari baadaye. Mungu awafunike kwa mkono wake na awape usingizi wa watu wasiodaiwa neno.

Sasa nimalizie. Mimi sifiki tena Kilindoni. Kesho Mwanahalima anakwenda na gari la asubuhi, na barua hii ataipeleka posta yeye. Nitampa bila kuifunga. Nitamwambia, "Mwanangu, isome yote kabla hujaifunga, ni wewe uliyetakiwa kuisoma kwanza." Anasoma vizuri, nilimfundisha mimi. Barabara ya kutoka huku ni mbovu na gari hukawia, atapata muda wa kufika mwisho.

Anaweza kuichana njiani. Anaweza kushuka akarudi kwa miguu kuja kuniuliza, nami safari hii nitajibu. Anaweza asirudi kabisa, na uji nisipikiwe. Hilo pia ni haki yake. Sijui nitamkuta vipi kesho jioni, na ninaogopa, Victoria, kama ambavyo sijawahi kuogopa kifo chenyewe.

Lakini kama unaisoma barua hii, itazame bahasha. Mimi sikuifunga. Aliyeifunga alikwisha kujua kwamba mama yake alifukia.

Wako akupendaye, kwa muda uliobaki,

Shangazi yako Specioza